Ombi la Kuondolewa kwa Samaki Wote Katika Ziwa Dogo la Umma

Mwenyekiti,
Kamati ya Bustani, Maziwa na Mapumziko,
Halmashauri ya Mji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWA SAMAKI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, na ukiwa umeketi, kwa kuwa ni ndefu kidogo na haifai kusomwa na mtu aliyesimama.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Nilikagua shule kwa miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kuandika taarifa bila kuona kwa macho yangu. Nataja jambo hili ili ujue kwamba haya ninayoyaandika si maneno ya mtu aliyeamka vibaya.

Tangu nilipostaafu, miaka tisa iliyopita, nimekuwa nikivua samaki katika ziwa lenu kila Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Nakaa kwenye benchi la mbao lililo karibu na lango, lile linalotosha watu wawili wasio wanene. Sikukosa Jumamosi hata moja, isipokuwa mbili za msiba na moja ya jino. Na katika miaka hiyo tisa, Ndugu Mwenyekiti, sikupata samaki hata mmoja. Naomba sentensi hiyo isomwe kama ilivyoandikwa. Si malalamiko. Ni sifa ya ziwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu, bila kuwashauri watumiaji, Kamati yako ilileta lori lenye matangi mawili ya plastiki ikamimina ziwani samaki mia nane. Kisha bango likasimamishwa langoni: ZIWA LETU SASA LINA SAMAKI. KARIBUNI MVUE NA MPUMZIKE. Nimelikagua bango hilo. Herufi zimenyooka na rangi imekolea. Kasoro yake ni kwamba mambo mawili linayoyaahidi hayawezi kufanywa na mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Samaki hawa wanakula ndoana.

Si chambo, bali ndoana. Mimi na mwenzangu hatujawahi kutumia chambo. Minyoo huchafua vidole, na mtu mwenye vidole vichafu hawezi kufungua chupa ya chai kwa heshima. Kwa hiyo tulikuwa tukifunga ndoana tupu iliyooshwa, tunaitupa majini, tunaegemeza ufito kwenye jiwe, tunakaa. Utaratibu huo haukuwa na mushkeli kwa miaka tisa.

Nilimwuliza mlinzi wa ziwa, yule ambaye sote tunamwita Filimbi, inakuwaje samaki mwenye akili timamu akameza chuma kikavu. Akanijibu hivi: "Hawa wamelelewa kwenye matangi, Mzee. Walikuwa wanalishwa saa zote. Wakisikia tu mtu anatembea, wanajua chakula kimefika."

Nikamwuliza, na kama mtu huyo hana chakula?

"Wanakuja hivyo hivyo. Hawa shida hawaijui."

Sijaridhika na maelezo hayo. Ikiwa mmeleta samaki wasiojua shida, basi mmeleta samaki wasio na malezi, na mmewaweka mahali pa umma.

2. Samaki hawa wanakatiza mazungumzo.

Mwenzangu niliyemtaja ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi saa mstaafu. Ni mtu aliyezoea kuinamia vitu vidogo kwa utulivu, na ndiye msikilizaji wa daraja la kwanza ambaye sijapata kukuta mfano wake katika shule yoyote. Kwa miaka tisa nimekuwa nikimsimulia utumishi wangu mwaka kwa mwaka, bila kuruka shule. Naye kwa miaka tisa amekuwa akisema "Ehee" mahali panapostahili. Tulikuwa tumefika mwaka wa kumi na nne. Nilipiga hesabu: kwa mwendo ule, iliyobaki kumi na saba ingetuchukua miaka kumi na mmoja. Mimi nina umri wa miaka sabini na mmoja na shemeji sabini na minne. Muda ulitosha.

Jumamosi ya pili baada ya lori lenu, nilikuwa katika muhula wa pili wa mwaka huo wa kumi na nne, kwenye shule ya bweni ambako nilikuta daftari la mahudhurio la mwaka mzima limejazwa kwa siku moja, na mtu mmoja, kwa kalamu nne tofauti ili lionekane la siku nyingi. Nilikuwa nimemwita mwalimu mkuu ofisini. Nilikuwa nimefunga mlango. Nilikuwa nimeweka kalamu zote nne juu ya meza. Shemeji akasema, "Ehee." Kiboya chake kikazama.

Alisimama. Sikuwahi kumwona shemeji akisimama kabla ya saa sita.

"Shemeji, kimezama! Kiboya kimezama!"

Nikamwambia, "Kaa, shemeji. Mwalimu mkuu bado yuko ofisini."

Hakukaa. Alivuta, akapata perege wa ukubwa wa kiganja, akamshika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Watu wakaja kutazama. Filimbi akapiga makofi. Saa sita ikafika, tukaenda nyumbani. Mwalimu mkuu yule yuko ofisini hadi leo.

3. Samaki hawa wamenichukulia shemeji.

Hili ndilo lalamiko kubwa, na kama una nafasi ya kushughulikia moja tu, shughulikia hili.

Jumamosi iliyofuata nilifika saa moja kamili, nikaketi upande wangu wa benchi. Saa moja na robo nikamwona shemeji upande wa pili wa ziwa, karibu na gati la boti za kukanyaga, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani amekosea njia. Nikampungia mkono. Naye akanipungia. Kisha akaendelea kukaa.

Nilizunguka ziwa, hatua mia mbili na themanini, nikamwuliza kulikoni. Akajibu bila kunitazama, "Huku wanakula zaidi, shemeji."

Mimi si mtu wa kupokea taarifa ya mdomo. Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilihesabu samaki waliovuliwa pande zote mbili na kuandika katika daftari, ambalo ninaweza kulileta ofisini kwako siku utakayotaja. Upande wa benchi: samaki arobaini na wanane. Upande wa ndoo: kumi na tisa. Nilimpelekea shemeji takwimu hizo. Alizisoma zote, akanishukuru, akabaki pale pale. Kwa hiyo inaonekana samaki wamempotosha mtu mzima, tena fundi, mpaka haamini hesabu. Sioni maelezo mengine.

Kuna dalili mbaya zaidi. Shemeji sasa anaongea. Namwona kutoka kwenye benchi. Anaongea na kijana anayekodisha boti, anapanua mikono, anaonyesha kitu kirefu, kisha kifupi, na mara moja nilimwona akicheka hadi akashika goti. Katika miaka tisa pamoja nami hakuwahi kufikia hali hiyo. Samaki wenu wamemvuruga.

Nilijaribu kuokoa kilichobaki. Jumamosi ya kwanza nilijaribu kuendelea na mwaka wa kumi na nne kutoka kwenye benchi, kwa kupaza sauti, kwa kuwa maji husafirisha sauti vizuri. Nilikuwa nimefika kalamu ya pili Filimbi alipopuliza filimbi yake.

"Mzee, unawatisha samaki!"

Nikamjibu kwamba nimefurahi kusikia hivyo.

Jumamosi ya pili niliandika muhula huo katika kurasa nane, nikampa Filimbi azizungushe hadi upande wa pili. Nilimwona shemeji akizipokea, akazikunja vizuri sana, akaziweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Naelewa. Mtu hawezi kusoma mbele ya samaki wasiojua kusubiri. Lakini nachelea kwamba anateseka. Ameachwa mlangoni mwa ofisi ile, mlango umefungwa, hajui mwalimu mkuu alijitetea vipi, na yeye kwa tabia ni mtu asiyeuliza.

4. Samaki hawa wameingia nyumbani kwangu.

Katika Jumamosi ya nne nilipata samaki. Naandika hili kwa kuwa nimeapa kusema kweli. Sikumtaka, sikumwita, na ndoana yangu ilikuwa tupu. Nilipotaka kumrudisha, Filimbi alinionyesha kanuni mpya isemayo kwamba samaki akishaumia mdomo asirudishwe. Nikamtia katika mfuko na, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukaa saa tatu zaidi na samaki aliyekufa mapajani, nikarudi nyumbani saa tatu asubuhi.

Sijawahi kuwa nyumbani Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilikuta redio inaimba. Nilikuta mke wangu pamoja na jirani yetu mshonaji na dada yake, na mmoja wao amenyoosha miguu juu ya kiti changu. Walikuwa wanacheka. Waliponiona wakanyamaza, redio ikabaki peke yake.

"Umerudi?" akasema mke wangu. "Kuna nini? Nani amefariki?"

Nikamwonyesha samaki. Akamtazama samaki, akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo sasa utakuwa unarudi saa hizi kila Jumamosi?"

Nilimweleza kwamba hilo halimo mikononi mwangu, bali linategemea samaki. Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya upole ambayo naifahamu, jina la ofisa aliyewaleta. Nadhani naye atakuandikia. Ukipata barua ya pili kutoka anwani hii, tafadhali iweke pamoja na yangu.

5. Samaki hawa wanawafelisha wastaafu.

Fikiri nami kidogo, Ndugu Mwenyekiti. Mtu aliyekaa kando ya ziwa lisilo na samaki, ameshika ufito, anapumzika. Hakuna awezaye kumwuliza amefanya nini, kwa kuwa jibu linaonekana. Lakini lete samaki katika ziwa lile lile, na mtu yule yule, kwa ufito ule ule, sasa yuko kazini. Akipata, ataulizwa kwa nini jana hakupata. Asipopata, ataulizwa shida ni nini. Mmetuondoa katika ustaafu bila barua.

Filimbi ametundika ubao kando ya lango. Kila Jumamosi anaandika kwa chaki jumla ya samaki wa kila mmoja tangu lori lilipokuja, na kwa kuwa hajui majina yetu anatuandika kwa kazi tulizofanya zamani. Jumamosi iliyopita ubao ulisomeka hivi: Dereva, kumi na wanne. Mkunga, kumi na mmoja. Fundi Saa, tisa. Mpishi wa Hospitali, tisa. Mkaguzi, mmoja. Nimekaa mbele ya ubao huo dakika kumi nzima. Nilitoa madaraja kwa watu wengine kwa miaka thelathini na mmoja na sikuwahi kufikiri chaki inaweza kugeuka. Dereva alipita, akanipiga bega, akasema, "Usijali, Mkaguzi, utapanda tu." Alisema kwa wema. Ndiyo maana sijamsamehe.

Wastaafu wa mji huu ni wengi. Leo wanahesabiwa samaki. Mwakani mtatundika ubao wa waliolala vizuri mchana, na mwaka utakaofuata wa waliokumbuka miwani yao ilipo. Mwishowe mstaafu asiyetaka kushindwa atabakiwa na nafasi moja tu ya kuchagua, nayo ni kurudi kazini. Mimi nikirudi kazini, nakuhakikishia, shule za mji huu hazitafurahi. Kwa hiyo suala hili ni la elimu pia.

6. Maji yanatikisika.

Kutokana na hayo, naiomba Kamati yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, samaki wote waondolewe, kwa lori lile lile, kwa utaratibu, wakihesabiwa. Waliletwa mia nane. Nimekwisha kuandika waliovuliwa. Hesabu itakayobaki nitaisimamia mwenyewe pale langoni bila posho.

Pili, ikiwa Kamati itashindwa kuwaondoa wote, waliobaki wafundishwe kutokula ndoana tupu. Sijui hufundishwaje. Lakini nimeona wanafunzi wagumu zaidi wakifundishika.

Tatu, bango libadilishwe lisomeke: KARIBUNI MPUMZIKE. Ni kufuta maneno tu, na gharama yake ni kitambaa cha kufutia.

Nne, shemeji yangu aandikiwe barua rasmi, yenye mhuri, ya kumrudisha kwenye benchi. Si lazima iwe kali. Iseme tu kwamba nafasi yake ipo, kwamba hakuna aliyekaa hapo, na kwamba imefutwa umande kila Jumamosi tangu mwezi wa tatu. Kazi ya kufuta nimekuwa nikiifanya mwenyewe, kwa leso.

Sina nia ya kukosa heshima kwa Kamati. Natambua kwamba mlikusudia mema, na kwamba kuna watu waliofurahia samaki hao, akiwemo Mkunga, ambaye hana mtu nyumbani na sasa ana wa kumsifu. Lakini serikali ya mji haiwezi kumimina kitu chenye uhai katika maji yaliyotulia kisha ikajidai kushangaa.

Nipelekee salamu zangu kwa wajumbe wote wa Kamati, na kwa katibu wako, ambaye nilimfuata mara mbili nikaambiwa yuko kikaoni. Msalimie dereva wa lori, hakuwa na kosa. Msalimie Filimbi, ambaye anaweza kuona barua hii ni dhidi yake. Mwambie ni dhidi ya ubao tu. Mke wangu anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika. Nawasalimu pia wale wote walio katika ofisi yako ambao hawavui.

Wako katika utumishi uliokwisha,

Mkaguzi wa Shule Mstaafu,
Benchi la Langoni.

Tanbihi.

Barua hii ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilimpa mke wangu aipitishe ofisini kwenu. Aliifungua akaisoma, kama afanyavyo kwa barua zangu zote, ili aone kama nimemtaja. Alipofika lalamiko la tatu aliketi.

Alinieleza kwamba samaki hawahusiki. Kaka yake samaki hali kabisa. Wote tisa alimpa mwenye boti. Alichokuwa anatafuta kwa muda mrefu ni sababu ya kuhama ambayo isingeniumiza, na lori lenu ndilo lililomletea. Nilimwuliza, kuhama kutoka kwa nini? Akaiweka barua mapajani.

"Ana jambo anataka kukwambia, Baba Watoto. Tangu mwaka juzi. Hajapata upenyo."

Nilimwuliza ni jambo gani. Akasema, "Nenda kamwulize mwenyewe. Ukishauliza, nyamaza, ajibu."

Nilimwuliza kama ni jambo baya. Alianza kuikunja barua upya, na aliikunja taratibu mno.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nafuta ombi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Samaki wasiguswe hata mmoja. Ikiwezekana waongezwe, kwa kuwa bila wao shemeji hatakuwa na kisingizio cha kuja ziwani, na nimefahamishwa kwamba mimi si kisingizio cha kutosha.

Nabakiza ombi moja. Kanuni zenu mpya zinataka kila mvuvi akae hatua sita kutoka kwa mwenzake, ili mishipi isisongane. Naomba kibali cha maandishi cha kukaa hatua moja, upande wa pili wa ziwa, Jumamosi hii, bila ufito. Shemeji ana sauti ndogo.